Nyoka Ndimini Mwetu: Chuki Dhidi ya Wafugaji wa Nyoka na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Katika Kiswahili, mtu akisemwa kwamba "anafuga nyoka", msikilizaji hafikirii kizimba, kioo wala panya wa kulishwa. Humfikiria msaliti anayelelewa leo ili kesho amgeuke mlezi wake. Au hufikiria uchawi. Kitenzi ni kile kile tunachokitumia kwa ng'ombe, kuku na nyuki, lakini kikiambatana na nyoka hubadilika maana papo hapo na kuingia katika kundi moja na "kufuga majini". Nyuki huuma, tena kundi la nyuki laweza kumwua mtu mzima. Hata hivyo, mfuga nyuki huhesabiwa kuwa mtu mwenye bidii na asali yake hugombaniwa. Mfuga nyoka huepukwa kama ukoma.

Makala haya yanashikilia kwamba chuki hii si kichekesho cha ushirikina tunachoweza kukipuuza. Inagharimu maisha ya watu, na wengi wanaoilipia gharama hiyo ni wakulima, wachungaji na watoto wa mashambani. Aidha, yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya chuki hiyo ilifunzwa kwa lugha, na kwa hiyo yaweza kuondolewa kwa elimu inayotolewa kwa lugha. Ikiwa ni hivyo, basi sisi tulioamua kukifanya Kiswahili kuwa taaluma yetu tuna deni ambalo wanabiolojia peke yao hawawezi kutulipia.

Wanyama watambaao katika lugha yetu

Tuanze na ushahidi ulio mdomoni mwetu. Mtu mwenye hila huitwa nyoka. Asiye na msimamo huitwa kinyonga. Mpumbavu huitwa kenge, na wahenga wakaongeza kuwa katika msafara wa mamba kenge nao wamo. Anayelia kwa unafiki hutokwa na machozi ya mamba. Mtoto wa mhalifu huhukumiwa kabla hajatenda lolote, kwa kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Hata yule mjusi mdogo wa ukutani, anayemaliza usiku wake akiwinda mbu na wadudu wengine waliotuzunguka, tumemwita mjusi kafiri. Kobe pekee ndiye aliyenusurika kidogo, nadhani kwa sababu katika hadithi zetu huwashinda wenye mbio kwa akili zake.

Sasa tumtazame simba. Simba huua mifugo na watu, lakini jina lake ni sifa: shujaa ni simba, na timu ya mpira hujivunia kuitwa simba. Chui naye, pamoja na ukatili wake, amepewa nafasi ya heshima katika majigambo. Ni bayana basi kwamba lugha haikumhukumu nyoka kwa sababu ya hatari yake pekee. Ilimhukumu kwa kuwa anatambaa, yu kimya na haonekani kwa urahisi.

Sidai kwamba methali hizi zifutwe. Methali ni hazina, na anayetaka kuzisafisha zote atabaki na lugha isiyo na chumvi. Hoja yangu ni kwamba mtoto wa Kikenya husikia semi hizi mara mamia kabla hajafunzwa ukweli wowote kuhusu nyoka. Anapofika shuleni, tayari hukumu imeshatolewa. Kinachobaki ni fimbo.

Je, chuki hii ni utamaduni wetu?

Wapo watakaosema kwamba kumchukia nyoka ni jambo la kimaumbile, au kwamba ni mila za Mwafrika. Dai la kwanza lina chembe ya ukweli. Wanasaikolojia wameonyesha kwamba jicho la binadamu ni jepesi kumtambua nyoka miongoni mwa vitu vingine. Lakini wepesi wa kutambua si chuki. Mama huitambua sauti ya gari linalokuja kasi na kumvuta mwanawe kando ya barabara, bila kulichukia gari.

Dai la pili ndilo lisilosimama kabisa. Miongoni mwa Waluo wa Nyakach, karibu na Ziwa Victoria, chatu aitwaye Omieri aliheshimiwa kwa miaka mingi kama kiumbe wa baraka. Mwaka 1987 chatu huyo alijeruhiwa kwa moto, na jitihada za kumtibu zikawa habari ya taifa zima kabla hajafa. Mwaka 2003 chatu mwingine alipojitokeza katika kijiji cha Wasare, wenyeji wengi walimpokea kama Omieri aliyerejea, ishara ya mvua na mavuno mema. Chatu yule yule ambaye kwingineko angepigwa rungu na kupigiwa vigelegele akiwa mfu, hapo alikuwa mgeni wa heshima. Kilichotofautiana si nyoka. Ni simulizi ambalo watu walilikuta kwa wazee wao.

Kinyonga naye ana simulizi lake. Kwa Wakamba na jamii nyingine kadhaa za Kibantu, yeye ndiye aliyetumwa na Mungu kuwapelekea binadamu ujumbe wa kutokufa. Akachelewa na kusitasita, mwenzake akamtangulia na ujumbe wa mauti. Tangu hapo kinyonga hubebeshwa lawama ya vifo vyetu, ingawa hana sumu wala kucha za kumdhuru mtu. Ajabu ni kwamba, mwaka 2006, wataalamu wa reptilia walipoona haja ya kuunda jenasi mpya ya vinyonga wa milima na misitu ya Afrika Mashariki na ya Kati, waliiita Kinyongia. Vinyonga wa Milima ya Taita na wa Mlima Kenya wamo katika jenasi hiyo. Neno la Kiswahili limo katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima, ilhali mwenye neno hilo angali akimpiga kinyonga mawe kando ya njia.

Aidha, tukumbuke kwamba nembo ya Shirika la Afya Duniani ina nyoka aliyejizungusha kwenye fimbo. Ishara hiyo ni ya kale, ya Wayunani, waliomhusisha nyoka na uponyaji. Kwa hivyo nyoka hakuumbwa na maana moja. Maana tumempa sisi, na tulichokitoa twaweza kukirekebisha.

Gharama ya kutojua

Wahenga walisema, usilolijua ni kama usiku wa giza. Katika suala hili giza lina takwimu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka duniani. Kati ya hao, watu 81,000 hadi 138,000 hufariki, na wengine wapatao mara tatu ya idadi hiyo hukatwa viungo au kubaki na ulemavu wa kudumu. Mwaka 2017 shirika hilo liliyaweka madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa. Mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu kufikia mwaka 2030. Hapa kwetu, wakazi wa maeneo kame kama Baringo na Kitui wanalijua tatizo hili bila kuhitaji takwimu.

Je, chuki inahusianaje na vifo hivi? Kwa njia tatu.

Kwanza, wapo wanaoumwa kwa sababu waliamua kumwandama nyoka aliyekuwa akijiendea zake. Nyoka hamwindi binadamu. Binadamu si chakula chake. Aonapo nafasi ya kutoroka, mara nyingi hutoroka. Kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe, hutegemea rangi zake zinazofanana na majani makavu na hubaki ametulia. Ndiyo sababu wengi humkanyaga bila kumwona. Taa ya usiku na viatu vinavyofunika mguu humlinda mkulima kuliko fimbo kumi.

Pili, anayeamini kuwa nyoka ametumwa na adui hatakwenda hospitalini. Atakwenda kwa mganga kumtafuta aliyemtuma. Wengine hubandika jiwe jeusi kwenye jeraha, wengine huchanja kwa wembe, wengine hufunga kamba na kukaza hadi damu isipite. Njia hizi haziondoi sumu. Kuchanja huongeza jeraha, na kukaza kamba kwaweza kuua kiungo ambacho kingepona. Inayohitajika ni kumtuliza mgonjwa, kumvua pete na bangili kabla ya uvimbe, kuhakikisha kiungo kilichoumwa hakichezichezi, na kumfikisha hospitalini haraka iwezekanavyo. Saa zinazopotea katika kumsaka mchawi ndizo saa ambazo dawa ingefanya kazi.

Tatu, chuki hutunyima dawa yenyewe. Hapa ndipo mfuga nyoka anaporejea katika hoja yetu.

Mfugaji kama mwalimu na chanzo cha tiba

Dawa ya kuzuia sumu ya nyoka, ambayo katika makala haya naiita kiuasumu, haichimbwi ardhini. Nyoka aliye hai hukamuliwa sumu. Kiasi kidogo mno cha sumu hiyo hudungwa farasi kwa vipindi, mwili wa farasi ukajenga kinga, kisha kinga hiyo hutengwa kutoka katika damu yake na kusafishwa ili itumiwe kwa binadamu. Isitoshe, sumu za nyoka hutofautiana. Ya koboko hushambulia neva na yaweza kusimamisha pumzi. Ya kifutu huozesha nyama na kuvimbisha kiungo. Dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Bara Hindi haiwezi kutegemewa dhidi ya nyoka wa Kitui.

Tufikirie maana yake. Hakuna dawa pasipo sumu, hakuna sumu pasipo nyoka aliye hai, na hakuna nyoka anayekamuliwa kwa usalama pasipo mtu aliyejifunza kumtunza, kumlisha na kumshika. Yule tunayemwita mchawi ndiye mwanzo wa mnyororo ambao mwisho wake ni mtoto anayeamka salama katika wadi.

Mifano tunayo. Bustani ya nyoka ya Nairobi, iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ilifunguliwa mwaka 1961, na vizazi vya wanafunzi vimesimama mbele ya vioo vyake. Makavazi ya Kisumu nayo yana nyoka. Kule Watamu, katika Kaunti ya Kilifi, kituo cha Bio-Ken kilianzishwa mwaka 1980 na James Ashe na mkewe Sanda. Kituo hicho hufunza umma na wahudumu wa afya, na huwaondoa nyoka wanaoingia katika nyumba za watu. Mwaka 2007 wanasayansi walitangaza kwamba swila mkubwa wa kahawia anayetema sumu, anayepatikana pwani na maeneo makavu ya mashariki mwa Afrika, ni spishi ya peke yake. Wakampa jina la Ashe: Naja ashei. Yaani nyoka mwenye urefu unaozidi mita mbili alikuwa akiishi miongoni mwetu, akituuma na kuuawa, bila sayansi kumtambua kuwa tofauti na jamaa zake. Aliyemtambua mapema ni mtu aliyekuwa akimfuga.

Huko Tanzania, bustani ya nyoka ya Meserani karibu na Arusha ina zahanati inayowahudumia wenyeji, wakiwemo Wamaasai walioumwa na nyoka. Jijini Nairobi, Taasisi ya Utafiti wa Nyani ina kituo kinachofuga nyoka kwa ajili ya utafiti wa sumu na tiba. Katika mahali pote hapa, nyoka yule yule anayeogopwa ndiye chombo cha kufundishia. Mtoto aliyeelezwa kwa nini nyoka hutoa ulimi, kwamba ananusa wala hatishii, na akapewa nafasi ya kumgusa nyoka asiye na sumu akakuta ngozi kavu badala ya utelezi aliosimuliwa, huwa amepata somo ambalo hotuba mia haziwezi kulitoa.

Pingamizi

Msomaji makini atauliza: je, hofu haituhifadhi? Tukiwaambia watoto kwamba nyoka si adui, hawatamshika kifutu wakidhani ni mwanasesere?

Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake ni kwamba elimu ninayoipigania haimwondolei mtoto tahadhari. Inampa tahadhari yenye macho. Anayewaogopa nyoka wote kwa usawa hawezi kumtofautisha nyoka mdogo wa kahawia anayeingia nyumbani kuwinda panya na koboko anayeweza kumwua. Kenya ina zaidi ya spishi 100 za nyoka, na wenye sumu ya kumwua mtu ni sehemu ndogo tu ya hao. Mkulima anayeua kila nyoka ghalani huwa amewapa panya mahindi yake.

Wala sipendekezi kila mmoja akafuge nyoka chini ya kitanda. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaka anayefuga wanyamapori awe na kibali, na ni vyema iwe hivyo. Kuna ufugaji, na kuna ulanguzi unaovaa joho la ufugaji. Yule kobe mwenye gamba bapa anayeishi katika nyufa za miamba ya Kenya na Tanzania alinaswa na kuuzwa ng'ambo kwa wingi hivi kwamba mwaka 2019 mataifa yalikubaliana kumpa ulinzi wa juu kabisa katika mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Lakini jamii isiyojua lolote kuhusu ufugaji halali haiwezi kumtambua mlanguzi. Kwake wote ni wachawi, na mlanguzi hufaidika na giza hilo.

Wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili

Nauliza sasa: maarifa haya yote yanapatikana kwa lugha gani? Sehemu kubwa imeandikwa kwa Kiingereza. Vitabu vya kuwatambua nyoka wa Afrika Mashariki, miongozo ya tiba na ripoti za utafiti huandikwa kwa lugha ambayo mchungaji wa Baringo na mvuvi wa Kilifi hawaisomi kwa urahisi. Kwa Kiswahili wanachobaki nacho ni methali.

Naonelea kwamba wajibu wetu ni wa namna tatu.

La kwanza ni la istilahi. Mwanafunzi akisoma kwa Kiingereza kuhusu "black mamba", hutafsiri mara moja "mamba mweusi". Lakini kwa wasemaji wengi wa Kiswahili, mamba kwanza ni yule mnyama wa mtoni. Jina koboko lipo, limesahaulika tu. Kamusi zetu nazo mara nyingi hutosheka kuandika kwamba fulani ni aina ya nyoka, zikaishia hapo, wala msomaji hajui ana rangi gani au anaishi wapi. Swila, kifutu, koboko, chatu na ukukwi ni maneno yanayostahili fasili kamili. Mgonjwa anayeweza kumweleza muuguzi nyoka aliyemwona, bila kumfukuza wala kumleta, humsaidia kujua dalili za kutarajia. Hapo fasili ya kamusi huwa sehemu ya tiba.

La pili ni la utafiti nyanjani. Majina ya nyoka kwa lahaja za pwani na kwa lugha zetu za kwanza, simulizi kama la Omieri, pamoja na ujuzi wa wazee wanaojua nyoka gani huonekana msimu gani, vyote vinasubiri mtafiti. Tasnifu nyingi za vyuo vyetu zimechambua usawiri wa mwanamke na wa mtawala. Usawiri wa wanyama watambaao katika fasihi simulizi ni shamba ambalo jembe halijalikwatua vya kutosha.

La tatu ni la uandishi. Hadithi za watoto tunazoziandika zimejaa nyoka wabaya. Hakuna anayemzuia mwandishi kumtunga nyoka mwenye njaa, mwenye woga, au anayewinda panya wa ghala la bibi. Vipindi vya redio kwa Kiswahili, mabango ya zahanati na maigizo ya shule yanahitaji watunzi wanaojua lugha, na watunzi hao tunasoma nao darasa moja. Udongo uwahi ungali maji: mtoto wa chekechea hajawa na chuki bado, na kitabu kimoja kizuri chaweza kumfikia kabla ya rungu.

Hitimisho

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hatuna haki ya kumcheka. Jamii yetu imeumwa kweli, na woga wake una sababu. Lakini jamii inayoshtukia kila ung'ongo haiwezi kusuka ukili. Inahitaji mtu wa kuuokota, kuuinua mbele ya macho yake, na kuieleza kwa lugha inayoielewa kwamba huu ni ung'ongo, yule ni nyoka, na huyu aliyesimama karibu na kizimba ni mtu anayejaribu kutuokoa. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili huandaa makongamano kila mwaka na kujadili nafasi ya lugha hii katika maendeleo. Nashauri kwamba kongamano moja likutane na walezi wa nyoka wa makavazi, wauguzi na wazee wa vijijini, likatoka na orodha ya majina yaliyofasiliwa vyema na kijitabu cha kurasa chache cha kupelekwa katika zahanati. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji watu wanaokijua Kiswahili vizuri, nao tunajidai kuwa ndio sisi.